UZI: Msimu wa hurling 2025, Tipperary na Cork, na kijana aliyepewa kadi nyekundu kabla mechi haijaanza

Binti wa Masasi

Wakuu, habari za majukumu. Huu ni mwaka wangu wa saba Ireland, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee ndani ya kaunti ya Tipperary. Mara nyingi kwenye nyuzi za Simba na Yanga nimeahidi kuleta habari za mchezo wa huku, nikawa nabanwa na zamu. Leo sina zamu mpaka kesho kutwa, nashusha mzigo wote.

Mchezo wenyewe unaitwa hurling. Fainali ya taifa ya mwaka 2025 ilipigwa Jumapili ya tarehe 20 Julai katika uwanja wa Croke Park, Dublin, mbele ya watu zaidi ya 82,000. Matokeo: Tipperary 3-27, Cork 1-18. Namba hizo nitazifafanua, msiwe na haraka.

Kilichonifanya nifungue uzi ni kijana mmoja wa miaka 19, Darragh McCarthy. Mwezi wa nne alipewa kadi nyekundu dhidi ya hao hao Cork kabla mwamuzi hajarusha mpira. Mwezi wa saba, nusu fainali, akatolewa tena. Wiki mbili baadaye kocha akampanga fainali na kumkabidhi mipira yote ya adhabu. Kila nikiwaza alichobeba mtoto yule kifuani alipoinama kuuinua mpira wa kwanza kwa fimbo, mwili unanisisimka. Nataka niwasimulie vizuri.

Ngosha

Siti ya mbele kabisa, nimekuja na karanga. Ila dada tuanzie chini. Ni mpira wa magongo huo? Na 3-27 inasomwaje?

Binti wa Masasi

Ngosha, ni ndugu wa mbali wa mpira wa magongo, lakini ule unachezwa chini, huu unachezwa hewani. Kila timu ina watu 15. Uwanja una urefu wa karibu mita 140, mkubwa kuliko wa soka. Kila mchezaji ana fimbo ya mbao yenye bapa pana mwishoni, na mpira ni mdogo, kiganja kinaufumbata, wa ngozi yenye mshono ulioinuka. Wenyewe wanauita sliotar.

Huruhusiwi kuuokota chini kwa mkono, lazima uuchote kwa fimbo. Ukishaudaka unatembea nao mkononi hatua nne tu, ukizidisha ni faulo. Ukitaka kwenda nao mbali, unauweka juu ya bapa la fimbo na kukimbia nao hivyo hivyo, huku jamaa mwingine mwenye fimbo anakuja kasi ubavuni. Kofia ngumu ni lazima kwa kila mchezaji tangu 2010.

Goli lina nguzo mbili ndefu kwenda juu na mtambaa panya katikati. Mpira ukipita juu ya mtambaa, kati ya nguzo, ni pointi 1. Ukipita chini yake, ukamshinda kipa, ni goli, na goli moja ni pointi 3. Wazee waliovaa makoti meupe nyuma ya goli wanapepea bendera: nyeupe ni pointi, kijani ni goli.

Kwa hiyo 3-27 ni magoli 3 na pointi 27, jumla 36. Cork 1-18 ni jumla 21. Tofauti 15. Ishike hiyo 15, itarudi.

Fundi wa Kilwa

Dada mimi mambo ya kadi nitayasubiri. Hizo fimbo zinatoka mti gani? Mti unaogongwa namna hiyo dakika zote usipasuke si mti wa mchezo.

Binti wa Masasi

Fundi, swali lako limenifurahisha kuliko yote. Mti ni ash. Na si sehemu yoyote ya mti: wanachukua kisiki cha chini, kama mita moja na kidogo kutoka ardhini, pale shina linapopanuka kuingia kwenye mizizi. Nyuzi za mti pale zinapinda zenyewe kufuata mzizi, kwa hiyo fundi akichonga lile bapa, nyuzi zinalizunguka bila kukatika. Fimbo iliyochongwa kwenye mbao iliyonyooka inavunjika siku ya kwanza.

Mwishoni mwa bapa wanapigilia ukanda mwembamba wa bati ili lisichanike. Watoto huku wanatembea nazo barabarani kama nyie mnavyotembea na simu.

Fundi wa Kilwa

Basi ni akili ya mataruma, zile mbavu za jahazi. Sisi taruma la jahazi hatulipindishi, tunaingia msituni kutafuta tawi ambalo Mungu amekwisha kulipinda. Mti uliojipinda wenyewe hauchoki.

Binti wa Masasi

Hiyo hiyo fundi. Ila wana msiba: kuna ugonjwa wa kuvu unaiua miti ya ash Ulaya nzima, Ireland ikiwemo. Siku hizi mbao nyingi zinaagizwa nje, na wengine wameanza kutumia mianzi iliyoshindiliwa au plastiki. Wazee ninaowahudumia wakisikia fimbo ya plastiki wanasema mlio wake umekufa.

Kipanga

Mnalipwa kiasi gani huko? Namaanisha wachezaji. Watu 82,000 uwanjani, hao si wanaogelea hela?

Binti wa Masasi

Kipanga, hakuna mshahara. Wanarudishiwa nauli na gharama ndogo ndogo, basi. Hakuna usajili, hakuna dau. Unacheza klabu ya parokia uliyozaliwa, ukiwa bora unaitwa timu ya kaunti. Aliyefunga fainali Jumapili, Jumatatu zikiisha sherehe anarudi kufundisha darasa, au kukamua ng'ombe, au chuoni.

Chama chao, GAA, kilianzishwa tarehe 1 Novemba 1884 kwenye hoteli ya Hayes mjini Thurles, hapa hapa Tipperary. Na fainali ya kwanza kabisa, ya ubingwa wa 1887, ilibebwa na Thurles kwa niaba ya Tipperary. Ndiyo maana watu wa huku hawauchukulii kama mchezo walioukuta, wanauona ni wa nyumbani kwao.

Nyongeza moja, kisha naingia kwenye msimu. Tarehe 21 Novemba 1920, wakati wa vita vya kudai uhuru, askari wa Waingereza walifyatua risasi Croke Park wakati Tipperary wakicheza mpira wa miguu wa Kiairishi na Dublin. Watu 14 walikufa, mmoja wao akiwa mchezaji wa Tipperary, Michael Hogan. Jukwaa kuu la uwanja ule linaitwa kwa jina lake. Nahodha wa bingwa anapanda kulichukua kombe la Liam MacCarthy kwenye jukwaa hilo. Nahodha wa Tipperary akipanda pale, wazee wangu huwa hawazungumzi mpaka ashuke.

Ngosha

Aisee. Endelea dada, tupo.

Binti wa Masasi

MSIMU

Turudi nyuma kidogo, mwaka 2024. Ubingwa wa jimbo la Munster una timu tano: Cork, Tipperary, Limerick, Clare na Waterford. Kila mmoja anacheza na wenzake wote, watatu wa juu wanasonga mbele. Tipperary mwaka ule hawakushinda hata mechi moja. Cork walikuja Thurles, nyumbani kwetu, wakashinda 4-30 kwa 1-21. Mashabiki wa Cork wanavaa nyekundu, na siku ile mji mzima uligeuka mwekundu. Watu wa Tipperary walikuwa wameshaondoka majukwaani kabla ya filimbi. Wakaanza kusema kocha Liam Cahill afukuzwe, anawakimbiza vijana mazoezini mpaka wanakwisha.

Hakufukuzwa. Mwaka 2025 akaingiza damu changa, wengine wametoka timu ya chini ya miaka 20. Ligi, ambayo ni mashindano mengine ya mwanzo wa mwaka, ikaenda vizuri mpaka fainali ya tarehe 6 Aprili, wakakutana na nani? Cork. Wakapigwa 3-24 kwa 0-23.

Wiki tatu baadaye, tarehe 27 Aprili, mechi ya Munster ugenini Cork, uwanja wa Páirc Uí Chaoimh. Hapa ndipo lilipotokea lile jambo. Wachezaji wamejipanga, mwamuzi ana mpira mkononi, bado hajaurusha. McCarthy na beki aliyekuwa anamkaba wanasukumana, kijana akampiga mwenzake kwa fimbo. Mwamuzi kaitwa, kaongea na wasaidizi, kadi nyekundu. Saa ya uwanja inasoma sifuri. Tipperary wakacheza mechi nzima watu 14. Cork 4-27, Tipperary 0-24. Hesabu mwenyewe: 39 kwa 24. Tofauti 15.

Nilikuwa kazini siku ile. Kuna mzee mmoja hapa, umri umepita 85, ujanani alikuwa mpigaji wa mipira ya adhabu wa klabu yake. Jioni hakula. Nikamwambia mzee wangu, kula kidogo, ni mechi tu. Akaniambia hana shida na mechi. Anamfikiria yule mtoto ndani ya basi, njia nzima kutoka Cork.

Basi wakajikusanya. Wakawafunga Clare kwao Ennis, wakawafunga Waterford, wakamaliza nafasi ya tatu. Wakawatoa Laois, wakawatoa Galway kwenye robo fainali. Upande wa pili mambo yalikuwa yanabomoka: Limerick, waliobeba kombe miaka minne mfululizo kuanzia 2020 hadi 2023, walipoteza fainali ya Munster kwa Cork kwa penalti 3-2, kisha robo fainali wakatolewa na Dublin, na Dublin wenyewe walikuwa wamebaki 14 uwanjani tangu mapema! Ireland nzima iliruka siku ile, hata huku kwetu ambako hatuna habari na Dublin.

Nusu fainali ya kwanza Cork wakawachana hao hao Dublin 7-26 kwa 2-21. Magoli saba. Watu wakasema kombe limeshapata mwenyewe.

Nusu fainali ya pili, Tipperary na Kilkenny. Kilkenny ndio wenye makombe mengi kuliko wote, 36. McCarthy alikuwa anacheza, kipindi cha pili akapata kadi ya njano ya pili, nje. Tena watu 14. Nilidhani yameisha. Dakika za mwishoni kijana aliyetokea benchi, Oisín O'Donoghue, akafunga goli. 4-20 kwa 0-30, yaani 32 kwa 30.

Wenzake walimwokoa. Wangefungwa, mtoto yule angebeba mzigo ule maisha yake yote, kwa sababu huku habari za mechi hazizeeki. Mpaka leo wazee wangu wanagombana juu ya mpira uliopotezwa miaka ya sitini.

Kipanga

Mimi nasema ukweli wangu, hapo kocha alibahatisha. Kadi mbili nyekundu msimu mmoja, fainali unampanga? Huku kwetu angekaa jukwaani na wazazi wake.

Binti wa Masasi

Kipanga nimelisikia hilo sana, hata kazini kuna waliosema hivyo. Mimi nilikuwa upande wa kumpanga, na nilisema kabla ya mechi. Kwanza ile kadi ya pili ilitokana na njano mbili, haikuwa na adhabu ya kukosa fainali. Pili, hakuna aliyekuwa anapiga mipira ya adhabu kumzidi. Tatu, na hili ndilo langu: ukimweka nje mtoto wa miaka 19 siku kama ile, unamwambia kwamba yeye ni yale makosa yake mawili. Cahill alimfundisha, alimjua anavyofika mazoezini. Aliona kitu ambacho sisi tuliokuwa nje hatukuweza kukiona.

Shemeji wa Kisumu

Niko hapa Cork mwaka wa kumi, nafanya kazi ya ujenzi. Nimesoma kila kitu na moyo bado unauma, lakini umesimulia kwa haki dada. Fika kwa fainali, nami nitasema kwa upande wetu.

Binti wa Masasi

Karibu sana shemeji, na pole. Sasa fainali.

Mechi ilianza saa tisa na nusu alasiri ya huku, huko nyumbani ni kumi na moja na nusu jioni. Nilikuwa zamu. Tuliwaleta wazee kumi na wawili sebuleni, wengine na viti vya magurudumu, tukafunga vitambaa vya bluu na njano kwenye viti, ndizo rangi za Tipperary. Mzee wangu alitaka akae karibu na televisheni lakini redio yake ndogo iwe sikioni pia, kwa sababu anasema mtangazaji wa redio ndiye anayeona.

Tipperary walikuja na mpango. Bryan O'Mara alirudishwa nyuma awe beki wa ziada, afagie kila mpira mrefu unaotupwa kwa washambuliaji wakubwa wa Cork. Ilishika kwa muda. Kisha karibu na mapumziko Shane Barrett akawafungia Cork goli, na zikaongezeka pointi nyingine. Mapumziko: Cork 1-16, Tipperary 0-13. Nyuma kwa sita.

Sebule ilinyamaza. Nikapitisha chai, vikombe vinarudi vimejaa.

Kipindi cha pili nitakisema kwa namba kwanza kwa sababu mpaka leo siamini. Dakika 35 na za nyongeza, Cork, timu iliyofunga magoli saba nusu fainali, ilipata pointi MBILI. Tipperary walipata 3-14.

Ilianza na pointi ndogo ndogo, moja, nyingine, nyingi zikitoka kwenye fimbo ya McCarthy. Mpira wa adhabu unapigwa hivi: unasimama juu ya mpira, unalaza bapa, unauinua kwa fimbo bila kuugusa na mkono, na ukiwa bado hewani unaupiga. Akikosea kuuinua, imeharibika. Kila kijana alipoinama, niliona mkono wa kulia wa mzee wangu chini ya blanketi unageuka taratibu, kiganja kinaangalia juu, unainuka kidogo. Hakuwa anajua anafanya. Mkono wenye nguvu unakaa juu ya mpini, hilo alinifundisha yeye mwaka wangu wa kwanza, nilipoishika fimbo kama nashika jembe.

Kisha John McGrath akafunga goli. Huyu mwaka 2022 aliumia mshipa wa kisigino, jeraha linalomaliza watu, wengi wakaona safari yake imefika. Baadaye akaangushwa akielekea golini na Eoin Downey, ikawa njano ya pili kwa Downey, nyekundu, na penalti. Safari hii waliobaki 14 ni Cork.

Nani aende kupiga? McCarthy.

Nilikuwa nimeshika birika, nikaliweka chini kwenye zulia. Kijana akasogea, akauinua, akapiga. Bendera ya kijani.

Mzee mwingine ambaye miezi hazungumzi kitu cha kueleweka alisema neno moja kwa sauti, jina la kijiji, Toomevara. Ndiko anakotoka McCarthy. Muuguzi mwenzangu akaanza kulia, nami nikafuata.

Cork wakapata penalti yao pia, akaenda Conor Lehane. Kipa Rhys Shelly akaipangua. Kipa huyo huyo akafunga pointi kutoka mbali, kipa jamani! McGrath akaongeza goli la pili lake. Mwisho 3-27 kwa 1-18. Tofauti 15, ile ile ya mwezi wa nne, imegeuzwa kichwa chini. McCarthy peke yake: goli 1 na pointi 13. Kati ya 36 za timu, 16 ni zake.

Ronan Maher, nahodha, akapanda jukwaa la Hogan. Kombe la 29 kwa Tipperary. Jina la Dillon Quirke nalo lilikuwa midomoni mwa watu wote siku ile: alikuwa mchezaji wao, Agosti 2022 alianguka akichezea klabu yake katika uwanja wa Thurles, akafa akiwa na miaka 24. Wengi wa waliokuwa Croke Park walimzika. Noel McGrath, kaka yake John, alikuwa anachukua medali yake ya nne, baada ya 2010, 2016 na 2019.

Shemeji wa Kisumu

Acha niseme basi. Sisi hapa Cork hatujabeba tangu 2005. Mwaka wa 2024 tulipoteza fainali kwa Clare kwa pointi moja tu, muda wa nyongeza, 3-29 kwa 1-34. Kwa hivyo 2025 watu walikuwa wameweka bendera kwa kila nyumba, kila gari, hata kwa kreni za mjengo. Wakati wa mapumziko jirani yangu alinikumbatia, akasema leo ndiyo leo.

Kipindi cha pili sikuelewa kitu. Ilikuwa ni kama mtu amezima taa. Jirani alitoka nje akasimama kwa lango na jezi yake, hakurudi ndani mpaka usiku.

Lakini mimi uchungu wangu ni Patrick Horgan. Alianza kuchezea Cork 2008. Kwa ufungaji, mpaka msimu wa 2025 unaisha alikuwa juu kabisa kwa historia ya ubingwa huu. Fainali nne alicheza akapoteza zote: 2013, 2021, 2024 na hii. Halafu mwezi wa tisa akatangaza anastaafu, miaka 37. Kijana wangu ana fimbo yenye amefunga utepe kama wake, na sijui nimwambie nini.

Binti wa Masasi

Shemeji, hapo sina neno la kukuongezea. Horgan hata wazee wangu wa Tipperary wanamtaja kwa heshima. Mzee wangu aliniambia mipira ya adhabu ya Horgan alikuwa anaisikiliza redioni hata Tipperary wasipocheza.

Kipanga

Nimeshindwa hoja, kocha alikuwa sahihi. Namtafuta huyo McCarthy mtandaoni sasa hivi.

Binti wa Masasi

Anza na ile penalti. Halafu rudi utafute ya tarehe 27 Aprili, uone uso wake anavyotoka uwanjani. Uziangalie kwa mpangilio huo.

Ngosha

Dada, mwanangu ana miaka minane, amesoma juu ya bega langu toka mwanzo. Anataka fimbo. Unarudi lini nyumbani?

Binti wa Masasi

Desemba, Mungu akipenda. Msimamishe wima bila viatu, upime kutoka sakafuni mpaka kwenye mfupa wa nyonga, uniandikie kipimo. Na niambie anatumia mkono gani.

Ngosha

Sentimita 71. Wa kushoto.